Udongo wa Ua la Usambara

Wajerumani huliita Usambaraveilchen, yaani violeti ya Usambara. Waingereza huliita violeti ya Afrika, ingawa kwa ukoo halina undugu na violeti. Wanabotania waliliita Saintpaulia, jina la baroni mmoja, hadi mwaka 2015 lilipoingizwa katika jenasi ya Streptocarpus. Kati ya majina hayo, mimi hulipenda la Wajerumani kwa sababu linataja nyumbani kwake. Na bila kujua nyumbani kwake, huwezi kujibu swali ambalo kila anayelipanda kwenye chungu huuliza: nilipe udongo gani?

Baroni mwenyewe aliitwa Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa wilaya wa serikali ya Kijerumani huku Tanga na Usambara. Mwaka 1892 mmea ulifika Ujerumani kwa baba yake, naye akamfikishia Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hanover. Mwaka 1893 Wendland akauchapisha kama Saintpaulia ionantha, na ndipo vitabu vingi vinapoanzia kusimulia.

Lakini Sir John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, alikuwa amekwisha kutuma sampuli Kew, London, mwaka 1884. Miaka mitatu baadaye alituma Mchungaji W. E. Taylor, yule yule aliyekusanya methali za Kiswahili na kuhifadhi tungo za Muyaka. Sampuli zao hazikutosha kwa mmea kuelezwa na kupewa jina. Na wenyeji waliochota maji chini ya miamba hiyo hawakumngoja mzungu yeyote ili waione.

Twende basi kwenye miamba. Karibu na Tanga, upande wa mapango ya Amboni, ua hili huota kwenye mawe ya chokaa. Ukipanda Usambara Mashariki unalikuta tena, safari hii kwenye miamba migumu isiyo na chokaa kabisa, ndani ya msitu wa mvua. Kama siri ingekuwa madini ya udongo, mmea usingeweza kuishi pande zote mbili. Kinachofanana huku na kule ni namna ya makao: ufa katika jiwe, kuvumwani kidogo, majani yaliyooza na kuwa mboji, maji yanayochuruzika na kupita zao, na kivuli juu. Mizizi yake ni myembamba kama uzi na haichimbi mbali. Inaishi katika kiganja cha mboji chenye hewa nyingi.

Wajerumani wa miaka hiyo hiyo walikuwa na mambo makubwa zaidi ya kufanya na udongo wa Usambara. Waliona miti mirefu, iliyosongamana, ya kijani mwaka mzima, wakahitimisha kwamba ardhi inayobeba msitu wa namna hiyo lazima iwe na rutuba isiyokwisha. Kuanzia mwaka 1891 wakafyeka na kupanda kahawa Derema na jirani zake. Kahawa ikaanza vizuri, kisha ikadhoofika, na haikuchukua miaka mingi mashamba yakaanza kuachwa. Udongo wa Usambara Mashariki ni mkongwe, una asidi, na mvua ya karne nyingi imeuosha virutubisho vyake. Rutuba ilikuwa katika tabaka jembamba la juu ambalo msitu hulitengeneza kwa majani yake na kulila tena kwa mizizi yake. Ukiondoa miti, umeondoa kiwanda cha udongo.

Nikiyasoma mambo haya mawili pamoja, naona ua lilikuwa limebeba jibu ambalo wenye mashamba walilikosa. Lilipelekwa Ulaya kama pambo. Jibu likabaki jiweni.

Huko Ulaya watunza bustani walilazimika kulitafuta upya. Kampuni ya mbegu ya Benary, mjini Erfurt, ililisambaza. Mwaka 1926 kitalu cha Armacost and Royston mjini Los Angeles kikaagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, na kutoka kwenye miche yake zikachaguliwa aina 10 ambazo ni mababu wa maua mengi ya madirishani leo. Udongo wa bustani ulikuwa tabu. Ukiujaza kwenye chungu kidogo na kuumwagilia kila mara, unashikamana, hewa inakwisha, na mizizi inaoza. Katika miaka ya 1930, William Lawrence na John Newell wa taasisi ya John Innes, Uingereza, walitunga mchanganyiko wa vyungu wa kipimo maalumu: sehemu 7 za udongo tifutifu uliochemshwa kwa mvuke, 3 za piti, 2 za mchanga. Katika miaka ya 1960, Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kikaenda mbali zaidi na kuuondoa udongo wote. Kilichobaki ni piti pamoja na vermikuliti au perliti, madini yaliyopashwa moto hadi yakafura na kuwa mepesi.

Mchanganyiko wa aina hiyo ndio ulioifaa violeti ya Usambara. Kumbe baada ya miaka 70 ya majaribio, maabara zilikuwa zimetengeneza ufa wa jiwe wenye mboji kidogo.

Anayelipanda leo afuate kanuni hiyo. Chungu kiwe kidogo, chenye tundu. Mchanganyiko ushike unyevu lakini ukiufinya mkononi na kuuachia, uachane. Asidi iwe ndogo tu, pH kati ya 6 na 6.5. Mwagilia pale juu panapokauka, kwa maji yasiyo baridi, usilowanishe majani. Ukiona ukoko mweupe kwenye udongo au ukingoni mwa chungu, hiyo ni chumvi ya mbolea. Pitisha maji mengi safi uisuuze. Na walau mara moja kwa mwaka badilisha udongo wote, kwa maana mboji ya chunguni huoza na kusinyaa, wala hakuna mti juu yake wa kuijaza.

Piti huchimbwa katika vinamasi vya nchi za baridi vilivyochukua maelfu ya miaka kujijenga. Mimi hutumia makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, yale yale ambayo nyuzi zake husokotwa kamba pwani. Sharti yaoshwe mara kadhaa kwa maji baridi, maana makumbi yaliyofukiwa ufukweni hubaki na chumvi.

Kwenye chungu, basi, kazi ya kuutunza udongo ni yetu. Msituni ni kazi ya kivuli. Mti mkubwa ukianguka, jua hulipiga jiwe, kuvumwani hukauka na mboji hugeuka vumbi. Wakulima wa huko walipanda iliki chini ya miti wakasomesha watoto kwayo, lakini iliki nayo huchosha tabaka lile jembamba, na baada ya miaka shamba huhamia mbele. Ndiyo maana wenye iliki katika ukanda wa Derema waliambiwa waiache wakalipwa fidia, ili vipande vya msitu viungane. Derema ile ile ya kahawa: Wajerumani walifyeka kwa kutoujua udongo, serikali ya baadaye ikamtoa mkulima ili kuulinda. Ua hili huuzwa madukani duniani kote kwa maelfu, lakini pale lilipotoka baadhi ya jamii zake zimebakiwa na miamba michache tu. Dukani huwezi kununua udongo wa miamba ile. Unaanguka kutoka mitini, jani kwa jani, na anayeishi chini ya miti hiyo ndiye anayestahili kulipwa kwanza ili uendelee kuanguka.