Pikapu au kinasa mtetemo?

Mpiga gitaa akilalamika kwamba pikapu yake imekufa, usimwitie fundi magari. Anazungumzia kile kipande kilichopachikwa chini ya nyuzi za gitaa la umeme. Kukiita kinasa sauti hakusaidii, maana jina hilo lina mwenyewe, na tena kifaa hiki hakisikii sauti hata kidogo. Funga nyuzi za nailoni juu yake, upige utakavyo: kimya. Kinachohitajika ni uzi wa chuma. Sumaku iliyo chini huufanya uzi huo nao uwe na usumaku. Ukitetemeka, uga wa sumaku huyumba, na koili inayoizunguka sumaku huzaa umeme kidogo. Ni kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Kwa hiyo katika maandishi napendelea kinasa mtetemo cha sumaku. Maneno "cha sumaku" yasiachwe, kwani vipo vinasa vya fuwele vinavyowekwa chini ya daraja la gitaa, navyo hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Jukwaani, pikapu itabaki pikapu.

Jina la kinasa mtetemo cha sumaku lina faida kwa anayetaka kuunda kinasa cha mtindo wa miaka ya 1950, kwa sababu linamwonyesha vipuri vya kuhangaikia: sumaku na waya.

Chukua kinasa cha Stratocaster, gitaa lililotolewa na Fender huko California mwaka 1954. Kina vijiti sita vya sumaku ya alniko, vibao viwili vya faiba ngumu vinavyovishika, na waya wa shaba wa geji 42, wenye unene wa takriban milimita 0.063, uliozungushwa mara 8,000 hivi. Waya wenyewe umepakwa Formvar, ngozi ya kuhami umeme yenye rangi ya kahawia ya dhahabu. Kinasa alichobuni Seth Lover wa Gibson katikati ya miaka hiyo kina koili mbili ili kuua mvumo wa umeme; waya wake ni wa geji ileile, lakini umepakwa enameli ya kawaida, nyeusi kiasi na nyembamba zaidi. Tofauti hiyo si ya urembo. Unene wa ngozi ya waya huamua mizunguko ikaribiane kiasi gani, na hilo hugusa sauti nyembamba za juu.

Fundi wa kusuka mota anao waya wa shaba, ila mara nyingi ni mnene mno, koili haitaenea. Sumaku za neodimi nazo, ingawa ni rahisi kupatikana, zina nguvu kupita kiasi: huvuta nyuzi hadi gitaa lisikike kama halijatuniwa.

Sumaku inayofaa ni ya alniko, yaani aloi ya chuma, alumini, nikeli na kobalti. Kobalti hiyo inatuhusu kuliko tunavyodhani, maana sehemu kubwa ya ile inayochimbwa duniani leo hutoka kusini mwa Kongo, kwa wasemaji wa Kiswahili, katika eneo ambalo kati ya 1971 na 1997 lilikuwa jimbo la Shaba. Vita vilipofika mji wa Kolwezi katika eneo hilo mwaka 1978, bei ya kobalti ilipaa, na watengenezaji wa spika Marekani wakahamia sumaku za feraiti.

Waya za kuunganishia zilizovikwa kitambaa, skrubu na vifuniko vinavyozeeshwa makusudi havistahili bei inayotozwa. Nunua vya kawaida. Fedha iende kwenye sumaku na waya wa koili. Na unapoagiza, usiridhike na muuzaji anayesema tu kwamba bidhaa yake ni ya kizamani. Mtake ataje namba ya aina ya alniko, geji ya waya na aina ya ngozi yake. Asipoweza kuvitaja vyote vitatu, tafuta muuzaji mwingine.