2147483647

2147483647 ni namba tasa ya nane ya Mersenne, sawa na 2³¹ − 1. Mwaka 1772 Leonhard Euler alithibitisha kuwa ni tasa: alionyesha kwamba kigawanyo chake chochote kilicho tasa lazima kiwe cha umbo la 248n + 1 au 248n + 63, hoja maridadi iliyomwondolea maelfu ya majaribio. Ikizidishwa kwa 2³⁰ hutoa namba kamilifu 2305843008139952128, inayolingana na jumla ya vigawanyo vyake isipokuwa yenyewe.

Pia ndiyo namba nzima kubwa kuliko zote inayotoshea katika biti 32 zenye alama. Tarakilishi zinazohesabu sekunde kwa mfumo huo tangu mwanzo wa 1970 zitafikia kikomo tarehe 19 Januari 2038, ambapo nchini Kenya itakuwa saa 12:14 asubuhi.