Kibuyu cha Magokoro

Wiki moja baada ya kumzika magokoro, tulisafisha jiko lake kule Ikonge, kaunti ya Nyamira. Jiko la kuni, ukuta mweusi tititi kwa masizi, na juu ya mafiga kibuyu kidogo kimening'inizwa kwa kamba ya mgomba. Binamu yangu akakitikisa, akasikia kitu kama mchanga, akakimwaga uani. Kuku wakamaliza kazi. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, simu mkononi, na sikusema kitu.

Mvua zilipokaribia, shangazi akauliza, "Kibuyu cha mama kiko wapi?" Hapo ndipo tulipojua kilikuwa na nini. Mbegu za chinsaga.

Kama umekulia Nairobi umeiona sokoni, wanaiita saga. Wajaluo huiita dek, na Kiswahili sanifu kinaiita mgagani. Majani yake hukaa matano matano kama vidole, na ukiipika vibaya ni chungu kama shubiri. Kwa Abagusii ndiyo mboga ya heshima: mwanamke akijifungua analishwa chinsaga ili arudishe damu na maziwa yatoke. Magokoro aliichemsha, akamwaga maji ya kwanza, akaiacha kwenye chungu na maziwa, kesho akaipasha tena. Siku ya pili ndiyo ilikuwa tamu. Sisi wajukuu tulikuwa tunauliza kama kuna sukuma.

Na hatukuanza sisi kuidharau. Kwa miaka mingi elimu ya kilimo Kenya ilizungumzia kabichi, sukuma na spinachi. Mboga za kienyeji zilipotajwa, mara nyingi ziliwekwa pamoja na magugu. Mtoto alifundishwa shuleni kung'oa kitu ambacho nyanya yake alikuwa amekipanda. Mtu akisema "chakula cha maskini", hakuna aliyeuliza kwani maskini walikuwa wanakosea wapi.

Aliyeuliza swali hilo kwa ukaidi ni Mary Abukutsa-Onyango, aliyezaliwa mwaka 1959 huko magharibi mwa Kenya. Utotoni mwili wake ulikataa maziwa, mayai, samaki na nyama, kwa hivyo akalelewa na mboga walizopika mama yake na nyanya zake. Akasomea kilimo Chuo Kikuu cha Nairobi, na huko akakuta kwamba mboga zilizomkuza hazikuhesabiwa kuwa zao la maana. Baadaye alipata uzamifu kutoka Chuo Kikuu cha London, akafundisha Maseno, kisha akawa profesa wa kilimo cha bustani katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja. Angeweza kutafiti kitu chenye pesa zaidi. Alichagua managu, kunde, mrenda, mchicha na hii saga yetu. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimpa tuzo ya sayansi ya Kwame Nkrumah.

Tuzo ni sawa, lakini kinachonivutia zaidi ni kazi yake ya awali. Miaka ya 1990 alizunguka vijijini akiwauliza wakulima wanapanda nini na shida yao ni gani. Jibu moja lilirudi tena na tena: mbegu nzuri hakuna. Duka la pembejeo lilikuwa na kabichi ya kila aina, lakini mbegu za mboga za kienyeji zilikuwa kwenye vibuyu na makopo ya akina mama, na kila mama alikuwa na zake.

Sasa nasoma utafiti wa mmea huu na kila mara namkuta magokoro. Kwa mfano, mbegu ya chinsaga iliyotoka shambani leo haioti vizuri. Inalala. Ikiwekwa mahali pakavu kwa miezi kadhaa ndipo inaamka. Magokoro hakuwahi kusema habari za mbegu kulala. Alisema tu mbegu mpya "haijakomaa akili", akaining'iniza juu ya moshi mpaka msimu mwingine. Kuna miche aliyoifunga uzi mwekundu, na ole wako ukichuma jani pale. Ilikuwa ile iliyochelewa kutoa maua, kwa sababu ikishatoa maua majani yanaisha. Alivuna maganda yakianza kugeuka manjano, kabla hayajapasuka. Mwaka baada ya mwaka, kwa miaka yote niliyomjua.

Lakini sipendi ile sentensi ya mitandaoni, eti nyanya zetu wote walikuwa wanasayansi. Inapendeza, na inaturuhusu kutofanya lolote. Magokoro alikosea pia. Yale maji ya kwanza aliyomwaga yaliondoka na sehemu kubwa ya vitamini C, na kupika siku mbili kulimaliza iliyobaki. Maziwa hayo hayo, kwa upande mwingine, yana mafuta, na mafuta husaidia mwili kunyonya vitamini A ya majani. Yeye alitaka tu uchungu upungue. Mwaka 1992 watafiti walichapisha kwamba mmea huu unafukuza kupe. Magokoro alikuwa na ng'ombe na chinsaga kwenye boma moja na hakuwahi kuviunganisha, angalau mbele yangu.

Tofauti yake na profesa, mimi naiona kwenye daftari. Profesa anaandika, mwingine anarudia, anasahihisha. Huko Cambridge kuna maabara inayochunguza jinsi jani la saga linavyotumia jua, kwa sababu kwenye joto kali linafanya kazi hiyo vizuri kuliko mpunga au ngano, na wanataka kujua kama mpunga unaweza kufundishwa. Wanaweza kufika huko kwa sababu mtu aliandika. Serikali nayo ina benki ya mbegu pale Muguga tangu 1988. Za magokoro hazikufika huko. Hakuna mtu aliyemwomba, na sisi wenye digrii tulikuwa tunakuja Krismasi, tunakula, tunaomba ndizi za kubeba, tunawahi matatu ya kurudi.

Msimu uliofuata shangazi alinunua mbegu sokoni, zinapimwa kwa kijiko. Zikaota. Mashina yakawa ya kijani. Ya magokoro yalikuwa ya zambarau. Wiki chache tu maua yakatoka. Alizipika kwa maziwa, siku mbili kama kawaida, tukala na obokima.

"Ni tamu," shangazi akasema. "Lakini si ile."

Nikamuuliza tofauti ni gani. Nilidhani atajibu kwa neno moja. Aliongea karibu saa nzima: mbegu ya mama ilitoka kwa nani alipoolewa, ilipandwa upande gani wa boma, kwa nini karibu na zizi, jani la kuchuma ni la ngapi kutoka juu. Nilikuwa naandika kwenye simu. Tulipofika kwenye uzi mwekundu, betri ilikuwa imebaki asilimia 4, nikamwambia, "Shangazi, ngoja kidogo," nikakimbia kutafuta kalamu.