Asilimia 3 ya mjomba: historia fupi ya makato ya mkandarasi mdogo

Mniwie radhi wasomaji, nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa. Nilikuwa Garissa nikirekebisha kosa langu mwenyewe, na leo nimeamua kuwaeleza lote.

Nilikuwa nimemwandikia mkandarasi mmoja wa mjini programu ndogo ya kuwalipa wakandarasi wadogo: mafundi wa plasta, wa mabati, wa umeme. Mjomba wangu ni mmoja wao. Sheria ya kodi ya zuio nilidhani naijua: malipo ya kazi ya ujenzi yakifika shilingi 24,000, kata asilimia 3, peleka KRA. Nikaandika mstari mmoja tu unaouliza kama malipo ni 24,000 au zaidi. Nikajaribu, ikafanya kazi, nikalipwa, nikarudi Nairobi.

Tatizo ni kwamba sheria haisemi kila malipo. Inasema jumla ya mwezi. Mjomba alikuwa analipwa 15,000 kila Alhamisi. Kila Alhamisi programu iliangalia 15,000, ikaona ni chini ya kiwango, ikakata sufuri. Kwa mwezi wa Alhamisi nne hiyo ni 60,000, na ilipaswa kukatwa 1,800. Ikaenda hivyo miezi kumi na minne. Hesabu zilipokaguliwa mkandarasi akadaiwa (asiyekata kodi ya zuio hudaiwa yeye), naye akamgeukia mjomba na kukata 25,200 kwa mkupuo mmoja. Wiki hiyo mjomba alikuwa na vibarua sita wa kulipa.

Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Abti, hii tatu nani aliamua ni tatu?" (Kwetu mjomba na mpwa huitana neno hilo hilo, abti.) Nilisoma sayansi ya kompyuta miaka minne na sikuwa na jibu. Ndipo nikaanza kusoma.

Kodi ya moja kwa moja katika nchi hii ilianza na kodi ya kibanda mwaka 1901, ikilipwa kwa rupia. Ilihesabu nyumba. Hebu fikiria kanuni hiyo huku kaskazini, ambako nyumba hufunguliwa asubuhi na kubebwa na ngamia! Aliyeitunga hakuwa na wafugaji kichwani. Baadaye ikaja ya kuhesabu vichwa, na hapo ndipo kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1936 serikali ya kikoloni iliweka kodi ya kichwa kwa wale iliowaita si wenyeji: Mzungu shilingi 40, Mwaasia 30, Mwarabu na Msomali 20. Wasomali wa Isaaq, waliokuwa Nairobi, Isiolo na miji mingine, wakagoma. Hawakugoma kwa sababu 20 ilikuwa nyingi. Walitaka kulipa 30! Kulipa 30 kulikuwa na maana ya kuhesabiwa pamoja na Waasia, na haki walizokuwa nazo Waasia. Mvutano huo uliendelea miaka kadhaa.

Sisi waandishi wa programu tuna safu tunayoiita "aina ya mlipaji" na tunaijaza bila kufikiri. Wale wazee waligombana na serikali juu ya safu hiyo moja.

Kodi ya mapato yenyewe ilifika Kenya mwaka 1937, na sheria tunayoitumia, Sura ya 470, ni ya 1973, ikaanza kazi Januari 1974. Ndani yake ndimo yamo makato ya "ada ya mkataba", yaani malipo ya kazi ya majengo na uhandisi. Kwa mkazi wa Kenya ni asilimia 3 ya malipo yote kabla ya VAT, kwa asiye mkazi ni 20.

Kwa nini wajenzi, mbona si wauza nguo? Jibu zuri zaidi nimelipata Uingereza. Huko miaka ya sitini wajenzi walilipwa kwa mkupuo, taslimu, mtu anamaliza ukuta anapotea na jina lake. Serikali ikachoka kuwatafuta, na kwa sheria ya 1971 ikamgeuza mkandarasi mkuu kuwa mkusanya kodi: kuanzia 1972 asiye na cheti alikatwa asilimia 30 palepale. Mpaka leo wana mpango huo, 20 kwa aliyejiandikisha, 30 kwa asiyejiandikisha. Ila wao huondoa kwanza bei ya vifaa, wanakata kwenye kazi tu. Sisi tunakata kwenye yote, saruji na mchanga ndani yake.

Sasa turudi kwa tatu. Chukua kampuni inayolipa kodi ya asilimia 30 ya faida. Ikiwa faida yake ni asilimia 10 ya ankara, kodi yake ni asilimia 3 ya ankara. Kamili! Sisemi ndivyo walivyokokotoa, nasema hesabu inakubali hapo tu. Anayenunua saruji mwenyewe na kubakiwa na faida ya 4 kwa mia anadaiwa 1.2, lakini amekwisha kukatwa 3. Inayozidi ni yake kwa karatasi, akiwa na vyeti vya makato na subira ya kuidai. Aliyeajiriwa kwa nguvu zake tu hana shida kubwa. Anayeumia ni mwenye vifaa.

Huku kwetu jambo hili lilichelewa kuuma kwa sababu ujenzi wenyewe ulichelewa. Waraka Namba 10 wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye mvua na ardhi ya kilimo, na Kaskazini Mashariki ilikaa chini ya hali ya hatari hadi 1991. Serikali za kaunti zilipoanza 2013 ndipo ofisi, zahanati na madarasa yakaanza kuota kila upande. Desemba 2019 kikafunguliwa kituo cha umeme wa jua cha megawati 50 hapa Garissa. Miradi kama hiyo ina mkandarasi juu, mwingine chini yake, na wa tatu chini ya huyo, na kila ngazi inakata 3 ya ngazi inayofuata.

Juu ya hayo kuna VAT, na hapa ndipo nilipogundua kosa la pili (ndiyo, yalikuwa mawili). Nilikuwa nimeandika viwango ndani ya programu kama vile ni sheria za fizikia. Chukua ankara ya 1,000,000. Leo VAT ni 160,000. Wakala aliyeteuliwa na KRA anazuia asilimia 2 ya ule milioni, yaani 20,000, na 30,000 ya kodi ya zuio, anatoa 1,110,000. Kabla ya Novemba 2019 zuio la VAT lilikuwa asilimia 6, kwa hiyo mtu alipata 1,070,000. Na kuanzia Aprili hadi Desemba 2020, VAT ilishushwa hadi 14 kwa ajili ya korona. Ankara ya zamani inayolipwa kwa kuchelewa inahitaji kujua tarehe yake. Hata siku ya kupeleka makato ilibadilika: ilikuwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata, sheria ya fedha ya 2023 ikaifanya siku 5 za kazi.

Basi nimeng'oa namba zote. Sasa kuna jedwali lenye kiwango, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na programu hujumlisha malipo ya mtu kwa PIN yake kwa mwezi mzima kabla ya kuamua. Alhamisi ya pili, jumla inapopita 24,000, inakata pia ya Alhamisi ya kwanza. Mjomba hakuipenda hiyo, lakini anapendelea 900 leo kuliko 25,200 mwakani.

Nimekaa naye kwenye iTax tukitafuta vyeti vya ile miezi kumi na minne, maana bila cheti hawezi kuyahesabu makato kwenye ritani yake. Kumi na viwili vimeonekana. Viwili vilitumwa kwa PIN yenye herufi ya mwisho tofauti, na Jumatatu tunarudi kwa mkandarasi kuvifuata.