Aina ya Shule, Gredi na Nafasi ya Fasihi: Historia Fupi Inayotazamwa kutoka Ngaremara

Matokeo ya KCSE yanapotangazwa, hapa Ngaremara kama kwingineko nchini, watu huuliza maswali mawili: mtoto amepata gredi gani, na shule gani imeongoza. Swali la pili ndilo hupewa nafasi kubwa redioni na magazetini, na ndilo humvuruga mtahiniwa zaidi. Humfanya aamini kwamba gredi ni kipimo cha bongo lake peke yake, ilhali ndani ya gredi hiyo mna historia ndefu ya jinsi shule za sekondari za Kenya zilivyopangwa katika matabaka. Makala haya yanaifuata historia hiyo kwa jicho la mwalimu wa Kiswahili. Dai langu ni kwamba tangu mwanzo aina ya shule ilichangia kuamua nani angesoma Kiswahili na fasihi yake na nani angekosa. Kisha ikaja miaka arubaini hivi ambapo karatasi zilikuwa zile zile kwa wote. Na sasa, mfumo wa 8-4-4 unapoelekea ukingoni, aina ya shule inarudi kuamua tena.

Enzi za ukoloni hazitatuchukua muda. Shule ziligawanywa kwa rangi. Prince of Wales (1931), ambayo leo ni Nairobi School, na Duke of York (1949), ambayo leo ni Lenana, zilijengewa wana wa Wazungu. Wahindi walikuwa na shule zao. Waafrika waliachiwa shule za misheni, na chache kati ya hizo ndizo zilizofikia kiwango cha sekondari, kama vile Maseno iliyoanza mwaka 1906 na Alliance iliyofunguliwa mwaka 1926. Mwanafunzi akitazama ramani ataona kwamba shule hizi zote ziko mahali palipokuwa na reli, mashamba na misheni. Isiolo ilihesabiwa katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, eneo lililofungwa kwa sheria za mwaka 1926 na 1934, ambapo mgeni hakuingia bila kibali. Panapofungwa njia ya mfanyabiashara na ya mmisionari, shule nayo huchelewa.

Uhuru uliondoa ubaguzi wa rangi madarasani. Tume ya Ominde, iliyotoa ripoti mwaka 1964, ilipendekeza mfumo mmoja wa elimu kwa Wakenya wote. Hata hivyo, majengo, maabara, maktaba na walimu vilibaki pale pale vilipokuwa, na zile shule zilizokuwa za Wazungu pamoja na zile kongwe za misheni ndizo zilizokuja kuitwa shule za kitaifa. Mwaka uliofuata ukatolewa Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965, ulioelekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yaliyotarajiwa kuzalisha mali kwa haraka, yaani yenye mvua na mashamba. Maeneo ya wafugaji hayakuwa miongoni mwake. Wakati huo huo vita vya shifta vilikuwa vinaendelea. Watu wa Garba Tulla na Merti walikusanywa katika vijiji vya ulinzi, mifugo ikapotea, na sheria za hali ya hatari zikabaki kaskazini hadi mwaka 1991.

Ukiyakumbuka hayo ndipo utakapoelewa kwa nini harambee, ambayo husifiwa sana katika insha za wanafunzi wetu, haikuzaa matunda sawa kila mahali. Katika miaka ya sitini na sabini wananchi walijenga shule za sekondari kwa michango yao, hata shule za harambee zikazidi zile za serikali kwa idadi. Mkulima wa kahawa au chai alikuwa na malipo ya kukatwa kila msimu. Mfugaji alikuwa na mbuzi, na kumuuza mbuzi kulitegemea soko, njia na usalama. Kwa hiyo hata tabaka la chini la shule, lile la harambee, lilikuwa kubwa zaidi kusini kuliko huku kwetu. Kufuatia ripoti ya Tume ya Kamunge ya mwaka 1988, shule hizo ziliunganishwa na za serikali, zote zikawa za umma. Nyingi ziliingia katika kundi la shule za wilaya, chini ya zile za mkoa, na za mkoa chini ya zile za kitaifa.

Katika kipindi hicho kijana aliyefika miaka kumi na sita au kumi na saba alikuwa ukingoni. Alifanya mtihani wa KCE mwishoni mwa Kidato cha Nne, akapewa daraja la kwanza, la pili, la tatu au la nne. Wachache waliendelea na Kidato cha Tano na cha Sita, kisha KACE, na hao ndio waliotazamia chuo kikuu. Vidato hivyo havikuwa katika kila shule. Vilikuwa katika shule zilizokwisha kupata maabara na walimu wenye shahada. Kiswahili hakikuwa somo la lazima. Shule iliyokosa mwalimu iliweza kukiacha, na shule iliyojiona ya hadhi iliweza pia kukiacha, kwa sababu tofauti kabisa. Ninawaomba walimu wenzangu wasilipite jambo hili upesi wanapofundisha historia ya Kiswahili. Tunaorodhesha tume, wanafunzi wanakariri, lakini hatuwaambii kwamba kabla ya mwaka 1985 mtu aliweza kuhitimu sekondari Kenya bila kusoma riwaya hata moja ya Kiswahili.

Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilikuwa imependekeza Kiswahili kiwe cha lazima na kitahiniwe. Pendekezo hilo lilitekelezwa baada ya Tume ya Mackay ya mwaka 1981, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Mwaka huo KCPE ya kwanza ilifanywa, Kiswahili kikiwamo. KCSE ya kwanza ilifuata mwaka 1989, mwaka ule ule ambao KACE ya mwisho ilifanywa. Vidato vya Tano na Sita vilikwisha. Kwa mara ya kwanza mtahiniwa wa Alliance na mtahiniwa wa Isiolo waliketi mbele ya swali moja la fasihi. Leo somo hili lina karatasi tatu: Insha alama 40, Lugha alama 80, Fasihi alama 80. Fasihi peke yake ni asilimia 40 ya somo.

Karatasi ikawa moja, lakini shule hazikuwa moja. Shule za kitaifa, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa 18 tu, zilichukua walioongoza katika kila wilaya. Za mkoa zikachukua waliofuata. Za wilaya zikapokea waliobaki, wengi wao wa kutwa. Baada ya Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 majina yakabadilika, mkoa na wilaya zikapisha kaunti na kaunti ndogo, na shule za kitaifa zikaongezwa hadi zaidi ya mia moja. Mpangilio wa kuchuja wanafunzi haukubadilika. Kwa hiyo tukisema shule fulani ya kitaifa ina wastani wa B+, nusu ya habari hiyo ilijulikana miaka minne kabla, siku wanafunzi walipochaguliwa.

Chukua mfano, nao ni wa kubuni. Shule ya kwanza inapokea wanafunzi wenye alama 400 kati ya 500 za KCPE, inawatoa na wastani wa B. Shule ya pili inapokea wenye alama 200, inawatoa na wastani wa C-. Katika orodha ya gazeti ya kwanza imeishinda ya pili kwa mbali. Mwalimu anayejua kazi yake atauliza wanafunzi waliingia na nini na wametoka na nini, na huenda akaona kwamba ya pili ndiyo iliyofanya kazi kubwa zaidi. Hapa kwetu kuna jambo jingine. Mtoto wa Kiturkana huzungumza Kiturkana nyumbani, akakikuta Kiswahili sokoni na barabarani, penye Waborana, Wasomali, Wasamburu na Wameru, kisha Kiingereza akakikuta darasani. Kipindi cha ukame cha 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ilikosa kutimia mfululizo. Mwanafunzi wa kutwa ambaye familia yake imehama na mifugo hahesabiwi katika safu yoyote ya orodha ya matokeo.

Orodha zenyewe zina historia. Kwa miaka mingi shule zilipangwa kwa makundi: za kitaifa peke yake, za mkoa, za wilaya, za kibinafsi. Angalau shule ya wilaya ililinganishwa na mwenzake. Mwaka 2014 serikali ikasitisha kupanga shule na watahiniwa. Magazeti yakaanza kujitengenezea orodha, mara nyingi bila kutenganisha aina, na shule ndogo ikapotea kabisa machoni pa umma. Nionavyo mimi, huko kulikuwa kurudi nyuma.

Kuna hatari nyingine, ya kulinganisha mwaka na mwaka. Mwaka 2015 gredi za A zilikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka 2016, baada ya Waziri Fred Matiang'i kubana mianya ya wizi wa mtihani, zilikuwa 141. Waliopata C+ na zaidi walishuka kutoka takriban 169,000 hadi takriban 89,000. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema kwamba watoto wa Kenya walipungukiwa na akili katika miezi kumi na miwili. Kilichobadilika ni usimamizi wa mtihani. Hata hivyo barua za kazi na za vyuo humtazama mtahiniwa wa 2015 na wa 2016 kana kwamba walipimwa kwa mizani moja.

Mwaka 2023 mizani ikabadilika tena, na safari hii Kiswahili kikaguswa moja kwa moja. Zamani gredi ya wastani ilitokana na Kiingereza, Kiswahili, Hisabati, sayansi mbili, somo moja la ubinadamu na jingine moja. Tangu 2023 inatokana na Hisabati, lugha moja aliyoifanya vizuri zaidi mtahiniwa, na masomo mengine matano bora. Hebu tumchukue mtahiniwa wa kubuni mwenye Kiswahili B (pointi 9), Kiingereza D+ (4), Hisabati D (3), Biolojia D+ (4), Kemia D (3), Dini B- (8), Historia C+ (7) na Kilimo C (6). Kwa kanuni ya zamani anapata 4, 9, 3, 4, 3, 8 na 7, jumla 38, yaani C-. Kwa kanuni mpya anapata 3, 9, 8, 7, 6, 4 na 4, jumla 41, yaani C. Majibu yake hayakubadilika hata nukta, lakini C ndiyo kiwango cha kujiunga na stashahada ya ualimu wa shule za msingi, na C- haifiki. Kitaifa, waliopata C+ na zaidi walikuwa 173,345 mwaka 2022 na 201,133 mwaka 2023. Idadi ya watahiniwa iliongezeka kidogo, lakini hata kwa asilimia kulikuwa na kupanda, kutoka 19.62 hadi 22.27.

Kwa mtahiniwa wa Ngaremara, kanuni hii ni fursa, kwa maana wengi wao Kiswahili ndiyo lugha wanayoimudu zaidi kati ya hizo mbili. Alama 80 za Fasihi hazihitaji maabara. Zinahitaji vitabu, na mtu wa kuvijadili navyo. Wanafunzi waliosoma Chozi la Heri ya Assumpta Matei, riwaya iliyowahi kutahiniwa, watakumbuka jinsi wahusika wa Shule ya Tangamano wanavyosimuliana yaliyowafikisha hapo. Mara nyingi mwanafunzi wa shule ya kutwa ana mengi ya kusema juu ya sehemu hiyo kuliko mwongozo anaoununua mjini Isiolo, mradi afundishwe kuyafunga maoni yake kwenye matini.

Fursa hiyo ina mwisho wenye tarehe. KCSE ya 8-4-4 itafanywa mara ya mwisho mwaka 2027. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia shule ya upili ya juu Januari 2026, na shule zimepangwa upya katika makundi manne, C1 hadi C4, ambayo kwa kiasi kikubwa ni zile za kitaifa, za nje ya kaunti, za kaunti na za kaunti ndogo kwa jina jipya. Kiswahili, au Lugha ya Ishara ya Kenya, kimebaki katika masomo ya lazima. Fasihi ya Kiswahili imekuwa somo la kuchagua katika mkondo wa Sayansi ya Jamii, miongoni mwa masomo matatu ambayo mwanafunzi huchagua. Shule kubwa ya C1 yenye walimu sita wa Kiswahili itaiweka kwenye ratiba bila kufikiri. Shule ya C4 yenye mwalimu mmoja, ambaye pia anafundisha Dini katika madarasa yote, itasubiri wanafunzi wa kutosha waichague, nao wanafunzi hawataichagua wasipoiona kwenye orodha. Basi kabla ya kumshauri mtoto wa Gredi ya 9 aufuate mkondo huo, mwalimu na aulize kwanza kama shule anayoitazamia imeorodhesha Fasihi ya Kiswahili, na kama mtu wa kuifundisha yupo.