Kroshia ya Ireland: Waridi Lililofumwa Wakati wa Njaa

Ugonjwa wa viazi ulipoleta Njaa Kuu nchini Ireland, 1845 hadi 1852, familia nyingi zilikosa chakula na pesa za kodi ya shamba. Watawa na wake wa wachungaji wakafundisha kroshia ili familia hizo zipate kipato. Mjini Clones, Cassandra Hand, mke wa mchungaji, alianzisha kazi hiyo mwaka 1847. Ilihitaji sindano yenye ndoano, uzi wa pamba na mikono yenye subira.

Tazama kwa karibu
Kila waridi na kila jani la klova lilifumwa peke yake, juu ya uzi mnene uliolipatia umbo la kuinuka. Yalipangwa kwenye kitambaa chenye mchoro wa kola au blauzi, yakashikizwa, kisha nafasi zikajazwa wavu. Mwishowe kitambaa kiliondolewa, pambo likabaki limesimama lenyewe.

Jijini London, Eléonore Riego de la Branchardière alichapisha vitabu vya mitindo ya kroshia tangu miaka ya 1840, na ufundi huu ukaenea majumbani.

Tafadhali usiguse. Jasho la mikono hudhoofisha pamba kuukuu, na kila fundo hapa lilimlisha mtu.