Bohari la Memphis

Mara ya kwanza kuingia Crosstown sikwenda kutafuta historia. Nilimsindikiza shangazi kliniki. Yeye akisubiri kuitwa, mimi nikatoka kuzubaa kidogo, nikajikuta chini ya ngazi nyekundu inayojizungusha kwenda juu. Nikamuuliza mzee mmoja: hivi hapa palikuwa nini? Akacheka. "Mwanangu, hapa palikuwa Sears."

Basi, ndugu msomaji, tuanzie huko. Mwaka 1927 kampuni ya Sears, Roebuck ilifungua hapa Memphis, jimbo la Tennessee, jengo lililojengwa kwa siku 180 tu. Lilikuwa duka kubwa na pia bohari la kuhudumia wanunuzi wa mbali. Mtu wa shamba alifungua katalogi, akachagua, akatuma barua na hela; wafanyakazi wakaitafuta bidhaa, wakaifunga na kuisafirisha. Kwa mkulima Mweusi wa Kusini enzi za ubaguzi, katalogi ilikuwa na nafuu yake: haikumwambia angoje mpaka Mzungu ahudumiwe kwanza.

Jengo likaongezwa mpaka likafikia futi za mraba milioni 1.5. Kisha wanunuzi wakahamia pembezoni mwa mji, kwenye maduka ya kuendea kwa gari. Duka likafungwa mwaka 1983. Mwaka 1993 Sears ikaacha kuchapa katalogi yake kuu, na bohari nalo likafungwa. Kwa zaidi ya miaka 20 jitu lile likasimama tupu.

Hapa nataka tukae kidogo. Nani aliliokoa? Utasema matajiri. Kumbe sivyo ilivyoanza. Mwaka 2010 mwanahistoria wa sanaa Todd Richardson na msanii Christopher Miner walianzisha Crosstown Arts. Jengo lenyewe halikukalika, basi wakaanzia mtaani, jirani yake, kwa maonyesho ya picha na burudani. Watu wakapata sababu ya kurudi eneo lile. Fedha ilifuata baadaye: zaidi ya dola milioni 200, za umma na za binafsi. Mafundi wakatoboa sakafu ili mwanga ufike katikati, wakaziacha nguzo za zege zenye vichwa kama uyoga. Agosti 2017 likafunguliwa rasmi: kliniki, ofisi, migahawa, nyumba za kupanga, studio za wasanii. Mwaka 2018 ikaongezeka shule ya sekondari.

Tusidanganyane, lakini. Si kila jirani anamudu kodi ya nyumba zile, na jengo zuri laweza kupandisha bei ya mtaa mzima. Ndiyo maana nilifurahi kukuta Church Health, kliniki inayowahudumia wafanyakazi wasio na bima, imepewa nafasi ya heshima humo ndani, siyo kibanda cha uani. Bila mlango ule wa shangazi, ningeliita jambo zima ujanja wa wenye nazo.

Wenzangu wa kalamu, sisi tunalia kila siku eti hatuna ukumbi. Wale walianza na kona ya mtaa, na hadithi ya jengo ambalo wengine walishalizika.

Shangazi alitoka na dawa zake akanikuta bado natazama juu. "Twende," akasema, "basi litatuacha."